Mwongozo kamili kwa mafundi wa kamera na mifumo ya usalama: jinsi ya kuonekana mteja anapotafuta fundi wa karibu

Mafundi wengi wanaandika kulalamika jambo lilelile: "Nimejisajili Google, nikiandika jina la biashara yangu najiona, lakini simu haiiti." Tatizo ni kwamba mteja mpya hakujui kwa jina. Anaandika "fundi wa CCTV karibu nami", "kufunga uzio wa umeme" au "geti la umeme limekwama", halafu ramani inamletea majina matatu ya mwanzo. Kama humo, kwake hupo.

Mwongozo huu ni wa anayefunga kamera, king'ora, uzio wa umeme, mota za geti, vitasa vya kidijitali na vifaa vya nyumba janja. Fuata hatua kwa mpangilio. Wengi waliokwama walikimbilia kuomba maoni ya wateja wakati wasifu wenyewe, yaani ukurasa wa biashara unaoonekana kwenye Google na ramani zake, umejazwa vibaya.

## Andaa hivi kwanza

- Jina la biashara kama lilivyo kwenye leseni, risiti na kibao chako. Yote yafanane.
- Namba moja ya simu inayopokelewa. Namba inayoita bila majibu inaharibu kazi yote inayofuata.
- Akaunti ya Google iliyo mikononi mwa mwenye biashara, si ya kijana aliyekusaidia kujisajili. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Mafundi kadhaa wamepoteza wasifu wao kwa sababu aliyeufungua alihama na nywila.
- Nyaraka: leseni ya biashara, bili ya umeme au maji ya mahali unapofanyia kazi, na karatasi yoyote rasmi yenye jina hilohilo.
- Vitu vinavyoonekana: gari lenye nembo kama lipo, sare, ngazi, drili, maboksi ya kamera, kifaa cha kupimia nyaya.
- Tovuti, hata ya kurasa tano.
- Daftari au jedwali la kuandika kila simu inayoingia.

## Hatua ya 1: Jua mteja anaandika nini

Chukua daftari, kumbuka simu za hivi karibuni, kisha andika maneno ya mteja kama alivyoyasema. Hakusema "mfumo jumuishi wa ulinzi wa video". Alisema "kamera zangu hazionekani kwenye simu".

Utaona makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza linapanga kufunga mfumo mpya: linauliza bei, linalinganisha mafundi, linachukua muda. Kundi la pili lina tatizo sasa hivi: king'ora kinalia hakizimiki, DVR (kisanduku kinachorekodi picha za kamera) imeacha kurekodi, nywila ya mfumo imesahaulika, fundi wa zamani hapokei simu. Mafundi karibu wote wanaligombania kundi la kwanza. Ushauri wangu ni uanze na la pili. Ushindani wake ni mdogo, mteja anaamua haraka, na aliyetengenezewa leo ndiye atakayekuita ukifika wakati wa kubadilisha mfumo mzima.

Google yenyewe imeeleza mambo matatu inayoyatazama kupanga matokeo ya ramani: namna wasifu unavyolingana na kilichotafutwa, umbali kati ya biashara na anayetafuta, na jinsi biashara inavyojulikana. La pili halinunuliki. Usipange kushika jiji zima. Panga kushika maeneo yanayokuzunguka, kisha upanuke.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha ya maneno kumi hadi kumi na tano ambayo mteja halisi angeyaandika, ukiwa umetia alama yale yanayokuletea kazi yenye faida.

## Hatua ya 2: Fungua wasifu wa biashara kwa usahihi

Kabla ya kufungua mpya, tafuta jina na namba yako kwenye Ramani za Google. Huenda wasifu upo tayari, umeundwa na mtu mwingine au na mfumo wenyewe. Ukiwepo, udai, yaani uombe Google ikutambue kuwa mmiliki wake. Wasifu pacha wa biashara moja unaweza kukuletea kusimamishwa.

Jina. Andika jina la biashara tu. Ukiongeza "Fundi Bora wa CCTV, Geti na Uzio wa Umeme" huku kwenye leseni hayapo, umevunja kanuni. Ndiyo, utawaona washindani wanaofanya hivyo na wako juu. Wako juu mpaka siku watakaporipotiwa, na kitufe cha kupendekeza marekebisho kiko wazi kwa kila mtu, wewe ukiwemo.

Anwani. Kama wateja hawaji dukani kwako, ficha anwani na uweke maeneo unayohudumia. Unaruhusiwa maeneo hadi 20, na Google inashauri mpaka wako usizidi takriban saa mbili za kuendesha gari kutoka ulipo. Sanduku la posta halikubaliki. Ofisi ya kukodi jina tu, isiyo na mfanyakazi wako, nayo haikubaliki. Elewa pia kwamba kuorodhesha maeneo yote 20 hakukupandishi huko: kunamweleza mteja unafika wapi, ila umbali bado unapimwa kutoka mahali ulipothibitishwa.

Kategoria. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Unachagua moja kuu na nyingine hadi tisa za ziada. Ile kuu ndiyo yenye uzito, kwa hiyo ichague kwa kazi inayokulipa zaidi, si kwa ile unayotamani kuifanya mwakani. Kama asilimia kubwa ya kazi zako ni kamera na king'ora, kuu iwe ya ufungaji wa mifumo ya usalama. Nyumba janja iwe ya ziada. Usichague duka la vifaa vya elektroniki eti kwa sababu unauza kamera mbili tatu. Na kama huchongi funguo wala hufungui milango iliyojifunga, kaa mbali na kategoria ya mafundi wa kufuli. Imejaa wasifu wa kughushi kwa miaka mingi, na Google huikagua kwa ukali.

Utajua umefaulu kama mtu asiyekufahamu akisoma jina, kategoria na maeneo yako anaweza kusema kwa sentensi moja unafanya nini na wapi.

## Hatua ya 3: Pita uthibitishaji wa video

Siku hizi Google huziomba biashara nyingi video ya kuthibitisha kwamba ni za kweli. Wanaokataliwa huwa wamepiga video ya ukuta na meza. Video inatakiwa iwe ya mfululizo, isiyohaririwa, isiyopungua sekunde 30, na ionyeshe mambo matatu:

1. Uko wapi: anza nje, onyesha kibao cha barabara au majengo ya jirani.
2. Unafanya kazi gani: zana, maboksi ya kamera, nyaya, gari lenye nembo.
3. Kwamba wewe ndiye mwenye mamlaka: fungua duka au stoo kwa ufunguo wako, fungua gari la kazi, onyesha leseni yenye jina la biashara.

Andika mpangilio kwenye karatasi kisha upige bila kukata. Usionyeshe nyuso za watu wengine, namba za akaunti ya benki wala za mlipakodi. Ukifanyia kazi nyumbani hakuna ubaya. Onyesha stoo na zana, kisha anwani ifichwe kwenye wasifu.

Onyo: usibadilishe jina, anwani wala kategoria wakati unasubiri majibu. Kila badiliko linaweza kuurudisha uthibitishaji mwanzo.

## Hatua ya 4: Jaza wasifu wote

Maelezo yana nafasi ya herufi 750. Hayana uwezo wa kukupandisha kwa kurudia maneno, basi yaandike kwa ajili ya binadamu: unafunga nini, unatengeneza nini hata kama hukukifunga wewe, unafika wapi, na dhamana yako ya kazi ikoje.

Orodhesha huduma mojamoja. "Kurudisha kamera kwenye simu", "kubadilisha diski ya DVR", "kubadilisha betri ya king'ora", "kutengeneza mota ya geti". Rudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza, uihamishie hapa.

Saa za kazi ziwe za kweli. Biashara iliyo wazi wakati mteja anatafuta hupata upendeleo kwenye matokeo, ndiyo maana wengine huweka saa 24. Ukiweka saa 24 halafu simu ya saa nane usiku ikose mpokeaji, utavuna maoni ya nyota moja kutoka kwa mtu ambaye king'ora kimemkesha yeye na majirani zake. Weka saa 24 kama kweli kuna zamu ya usiku.

## Hatua ya 5: Picha zinazokuuza bila kumuuza mteja

Katika ufundi mwingine, unapiga picha ya kazi uliyomaliza na kuitupia mtandaoni. Kwetu sisi, picha hiyohiyo inaweza kumpa mwizi ramani. Mteja amekulipa umfichie udhaifu wa nyumba yake. Ukiutangaza ili upate mteja mwingine, umemgeuka.

Kagua kila picha kabla ya kuipakia. Isiwe na:

- Kamera pamoja na sehemu inayoangalia. Ukiona kamera inatazama wapi, unajua pia haitazami wapi.
- Namba ya nyumba, kibao cha jina, namba ya gari, au mandhari inayotambulika kirahisi.
- Mahali kilipofichwa kisanduku cha king'ora, DVR au betri ya akiba.
- Skrini inayoonyesha kamera zote za nyumba. Picha hii mafundi wanaipenda mno, na ndiyo mbaya kuliko zote.
- Stika ya kamera au DVR yenye namba ya siri na msimbo wa QR. Mifumo mingi huunganishwa kwenye simu kwa msimbo huohuo. Stika ya ruta nayo mara nyingi ina nywila ya intaneti.
- Kitufe cha namba za mlango chenye tarakimu nne zilizofutika kwa kubonyezwa. Mwenye macho ataelewa.

Basi upige nini? Kabati la nyaya lililopangwa vizuri, likipigwa kwa karibu. Nyaya zilizozagaa kabla na zilizonyooshwa baada. Vifaa vikijaribiwa kwenye meza ya karakana. Fundi mwenye sare akiwa juu ya ngazi, ukuta mtupu nyuma yake. Gari. Mabomba ya kupitishia nyaya yaliyofuata kona bila kupinda. Mteja anayejua anachokitaka anaangalia usafi wa kazi, na usafi unaonekana hata bila geti la mtu.

Omba ruhusa kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na usipakie siku ileile ya kazi. Zima pia kumbukumbu ya mahali kwenye kamera ya simu yako. Kuna wanaouza huduma ya kupachika mahali ndani ya picha wakidai inapandisha wasifu. Weka pesa yako mfukoni. Kwa ubora, tumia picha za JPG au PNG zenye upana na urefu usiopungua pikseli 720.

Utajua umefaulu ukimpa fundi mwenzako picha zako zote na akashindwa kutaja hata nyumba moja, huku akikubali kwamba kazi ni safi.

## Hatua ya 6: Maoni ya wateja

Wakati bora wa kuomba ni pale mteja anapoona kamera zake kwenye simu yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Yuko kwenye furaha, simu iko mkononi. Mtumie kiungo cha maoni papo hapo. Kesho yake atakuwa na mambo mengine.

Kanuni ni chache lakini kali. Usitoe punguzo wala zawadi kwa ajili ya maoni. Usiwaombe ndugu na wafanyakazi. Usichuje, yaani kuwauliza kwanza kama wamefurahi kisha kuwatumia kiungo walioridhika tu, nalo limekatazwa. Omba wote.

Lakini wateja wetu wana sababu ya kusita. Jina lake litaonekana, na asingependa dunia ijue ana mfumo gani. Mwambie wazi: "Mzee, usitaje mtaa wala vifaa tulivyofunga. Andika tu kama tulifika kwa wakati, kama kazi ilikuwa safi, na kama tulikufundisha kutumia." Hapo umemwonyesha kwamba unalinda siri yake, na hilo peke yake linamfanya aandike.

Jibu kila maoni, na jibu lako lisitoboe siri. Angalia jibu hili nililowahi kuliona likiwa na sura nyingi tofauti: "Asante mama kwa kutuamini kufunga kamera sita na uzio wa umeme nyumbani kwako nyuma ya shule." Fundi alidhani anaweka maneno ya utafutaji. Jibu salama ni: "Asante sana mama. Tumefurahi umeridhika na mafunzo ya matumizi. Ukikwama popote, piga namba ileile."

Kwa maoni mabaya, usibishane. "Pole kwa usumbufu. Kumbukumbu zetu zinaonyesha tulichelewa kurudi baada ya simu yako. Tafadhali tupigie tupange kuja." Anayesoma jibu hilo ni mteja ajaye, ndiye unayezungumza naye. Kama maoni ni ya mtu ambaye hamkuwahi kukutana, yaripoti, kisha jibu kwa upole kwamba humpati kwenye rekodi zako.

Onyo: usikusanye maoni ishirini kwa wiki moja kisha ukanyamaza mwaka mzima. Mawili matatu kila mwezi yanaaminika zaidi kwa mteja na kwa mfumo.

## Hatua ya 7: Tovuti inayojibu tatizo

Usitegemee ule ukurasa wa bure uliokuwa ukitengenezwa na wasifu. Google iliufunga Machi 2024. Unahitaji wako.

Fanya ukurasa mmoja kwa kila huduma kuu, kisha kurasa za matatizo. Hizi za matatizo mafundi wanazidharau, nami naona ndizo dhahabu. Mfano: "Kamera hazionekani kwenye simu". Mweleze mtu aangalie kwanza kama intaneti ipo, kama ruta ilibadilishwa karibuni, kama waya wa mtandao umechomoka nyuma ya DVR, na kama kamera zinaonekana kwenye skrini iliyounganishwa moja kwa moja. Zikionekana huko, shida ni ya mtandao au ya akaunti kwenye programu. Zisipoonekana zote kwa pamoja, shuku chanzo cha umeme.

Ukurasa mwingine: "Picha za usiku zina ukungu mweupe". Mara nyingi ni utando wa buibui au vumbi mbele ya lenzi, vinavyorudisha mwanga wa infraredi. Mwambie afute kwa kitambaa laini. Utapoteza malipo ya safari moja, na utapata mtu anayeamini unajua kazi.

Kila ukurasa uwe na kitufe cha kupiga simu kinachoonekana bila kushuka chini, na upime kwenye simu ya kawaida yenye intaneti ya polepole.

Kuhusu kurasa za maeneo: tengeneza pale tu ulipo na la kusema. Kurasa thelathini zinazofanana, zilizobadilishwa jina la mtaa peke yake, zinahesabiwa na Google kuwa kurasa za mlango, na ni kosa. Ukurasa wa eneo wenye maana unaeleza aina ya nyumba za pale, kama umeme hukatika mara kwa mara na unashauri betri ya ukubwa gani, kama ghorofa zina kanuni za kupitisha nyaya. Huna hayo? Subiri.

## Hatua ya 8: Tajwa kwingine

Hapa usipoteze muda mwingi. Jisajili Bing, Ramani za Apple na Facebook kwa jina na namba zilezile. Kisha waombe watu mnaofanya nao kazi wakutaje kwenye tovuti zao: msambazaji wa vifaa, mkandarasi wa umeme, msimamizi wa majengo. Kutajwa na mkandarasi mmoja anayefahamika kunazidi saraka (orodha za biashara mtandaoni) hamsini za kulipia.

## Hatua ya 9: Pima bila kujidanganya

Ukijitafuta ukiwa ofisini kwako, utajiona wa kwanza; uko jirani na biashara yako mwenyewe. Waombe marafiki walio maeneo tofauti watafute maneno yako kwa hali fiche (incognito) ya kivinjari na wakutumie picha ya skrini. Rudia kila mwezi, maneno yaleyale, maeneo yaleyale.

Kwenye wasifu, tazama simu zilizopigwa na maneno yaliyowaleta watu. Usihangaike na idadi ya waliouona. Swali la maana liko kwenye daftari lako: kila anayepiga, muulize "umetupataje?", uandike eneo, kazi aliyotaka, na kama ililipwa. Baada ya miezi mitatu utajua kama unapigiwa na watu wa mbali wasiolipa au wa karibu wanaolipa.

Kama simu ni nyingi na kazi ni chache, shida imeshahama kutoka kwenye ramani. Sikiliza namna simu zinavyopokelewa.

## Wasifu ukisimamishwa

Usifungue mwingine. Huo wa pili nao utafungwa, na rufaa itakuwa ngumu zaidi. Soma kanuni, rekebisha kilichokosewa (mara nyingi ni jina lililoongezwa maneno au anwani isiyo ya kweli), kisha kata rufaa.

Andaa nyaraka zote kwenye simu au kompyuta kabla ya kuanza: leseni, bili, picha za kibao au gari, zote zikiwa na jina na anwani vinavyofanana na vya kwenye wasifu. Ukishatuma rufaa, unapewa dakika 60 tu za kupakia ushahidi, na anayeanza kuitafuta leseni wakati huo huwa amechelewa.